Uzi Uliokatikia Kwenye Jina

Mimi si mwoga. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapa Kindu, tena wengine ni wa ukoo wangu, wanaosimulia habari hii kana kwamba nilikutwa chini ya kitanda. Sikuwa chini ya kitanda. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu zaidi ya elfu, gitaa kifuani, jua la saa saba kichwani, siku uzi wa tatu ulipokatika.

Ulikatikia kwenye jina. Nisikilize vizuri, maana shida yote njo iko hapo; njo ni ndiyo yetu ya huku. Kama ungekatika mwanzo wa wimbo, watu wangecheka, na mimi ningecheka, basi. Lakini ule ulikuwa mwaka wa sabini na nne, na kila biro ya serikali, kila shule, kila kiwanda kilikuwa na kikundi chake cha animasyo: wanaume na wanawake waliovaa kitambaa kimoja, wakiimba na kucheza kwa kumsifu Kiongozi wa taifa na Chama chake. Sisi wa reli tulikuwa na kikundi kikubwa kuliko vyote, na mimi Kasanda, karani wa biro ya mizigo, ndiye niliyepiga gitaa la kwanza. Siku ile tulikuwa na mgeni, mkubwa wa Chama aliyetoka mbali, amekaa kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cha kijani. Wimbo wetu ulikuwa hivi: wanawake wanapandisha sauti, wanapandisha, gitaa linawafuata mpaka juu kabisa, halafu wote wananyamaza, gitaa peke yake linatangulia, kisha watu wote wanalitamka jina la Kiongozi kwa pamoja. Walipofungua midomo tu, uzi ukalia paa, kama kofi.

Mtu mmoja akacheka. Mpaka leo sijui ni nani, na nikimjua nitakuwa na maneno naye. Mgeni hakucheka. Alimgeukia Amuri, katibu wa Chama upande wa reli, akamwuliza kitu sikioni, na Amuri akaandika.

Niliendelea na nyuzi tano. Hilo hakuna anayelisimulia. Nilimaliza wimbo mzima na nyuzi tano, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyekosa mguu.

Amuri alinisubiri nyuma ya bohari. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya abakosti yake, ile suti ya watu wa Chama. Hakuwa mtu mbaya Amuri, nisimsingizie. Alikuwa mtu mwenye ripoti ya kuandika.

"Sitwayen Kasanda," akasema, maana siku zile sote tulikuwa raia, sitwayen kwa mwanamume na sitwayene kwa mwanamke, "mugeni anauliza nani alikata ile uzi."

"Hakuna aliyekata. Imekatika yenyewe."

"Kitu haikatiki yenyewe kwenye jina ya Kiongozi." Alisema polepole, kama mwalimu aliyechoka. "Kwenye ripoti iko nafasi ya jina. Nikiiacha wazi, wataandika ya kwangu. Gitaa ni yako. Uzi, nani aliitengeneza?"

Hapo njo ningefunga mdomo. Ningesema niliununua sokoni kwa mtu nisiyemjua, na dunia ingezunguka. Lakini ulimi ukaenda mbele yangu.

"Mama Emerance wa mtaa wa Kasuku."

"Jina ya Kizaire."

"Ntumba," nikasema. Wakati ule majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Hata mimi niliyeitwa Roger nyumbani, nikivuka mlango wa biro nilikuwa Kasanda tu.

Akaandika. "Jumatatu saa mbili asubuhi, wewe na yeye, biro kwangu. Ao mukono yako ni mubaya, ao uzi yake ni mubaya. Mumoja wenu nitamuweka hapa." Akagonga karatasi kwa kalamu.

"Na yule utakayemweka?"

Akafunga kalamu, akaenda zake. Mfano tulikuwa nao wote. Onema wa bandarini aliangusha picha ya Kiongozi akipanguza vumbi, kioo kikavunjika. Jina lake liliwekwa kwenye nafasi kama ile wiki moja kabla ya Pasaka, akapandishwa treni pamoja na watu wawili wasiojulikana, na sasa tulikuwa mwezi wa nane na mke wake bado alikuwa akija stesheni kila treni ikifika.

Sikulala vizuri, na nani angelala? Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya reli. Dawa za watoto, za reli. Mchele, wa duka la reli. Ukinitoa mimi kwenye reli, watoto wangu wanne wako barabarani na mama yao. Nililala nikijiambia jambo moja: uzi ni wa Mama Emerance, na yeye mwenyewe alisema atajibu. Basi ajibu.

Maana alisema. Sikumzulia. Huyu mama, niwajulishe, alikuwa mjane wa fundi wa reli aliyezungusha shaba kwenye dinamo. Mume alipokufa alimwachia watoto, ndoo mbili za waya wa shaba kutoka dinamo zilizoungua, na kinga moja, yaani baiskeli, iliyobaki na pedali, mnyororo na gurudumu la nyuma tu. Mama akaipindua kinga miguu juu, akaifunga kwenye benchi, akawa fundi wa nyuzi za gitaa. Waya wa breki anaufumua, anachukua chuma kimoja kimoja kuwa moyo wa uzi. Mkono mmoja unazungusha pedali, mwingine unaongoza shaba ijiviringe juu ya chuma, na sikio lake liko pale pale karibu kama anasikiliza mtoto anapumua. Nyuzi za Ulaya zilifika Kindu pale meli ilipotukumbuka. Kwa hiyo kila mtu aliyeshika gitaa kutoka Kibombo mpaka Obokote aliujua mlango wake.

Na alikuwa mgumu, huyo. Usifikiri unaingia na kusema nipe sita, unatoka. Atakuuliza unapiga wapi: kanisani, nyumbani, ao kwenye jua? Unapiga kwa kucha ao kwa nyama ya kidole? Anakushika mkono, anaugeuza, anaubonyeza. Wa kanisani aliwapa nailoni ya kuvulia samaki, laini, haiumizi mtu. Vijana wa bar aliwapa chuma chembamba kinacholia kama filimbi. Mimi nilitaka nyembamba kama wao. Akakataa. "Wewe unapiga kwenye jua, tena unapiga na hasira kama mwenye kugombana na muke yake. Nyembamba haitakuweza. Chukua nene." Tukabishana nusu saa, mimi mteja na yeye muuzaji, na aliyeshinda ni muuzaji. Kisha akaniambia maneno aliyomwambia kila mtu: "Uzi yangu ikikatika mbele ya mwezi kwisha, ulete vipande vyote viwili, nikupe ingine bure. Mbele ya mwezi, kujibu ni kwangu."

Uzi wangu ulikuwa na wiki tatu. Hesabu mwenyewe: mwezi ulikuwa haujaisha.

Jumapili baada ya misa nikaenda Kasuku, gitaa mgongoni, vipande viwili ndani ya bahasha. Nilimkuta bado na nguo zake za kanisani, anachambua maharagwe. Akanipa kiti, akanipa maji, akaniuliza habari za Kanku, mke wangu, na za watoto mmoja mmoja kwa jina. Mimi sikumwambia habari za Amuri. Nilisema tu kwamba uzi umekatika, na nilisema kwa sauti ya mtu anayekuja kudai haki yake.

"Pole, baba," akasema. "Haikukurukia machoni?"

"Hapana."

"Njo nauliza kwanza. Ingine inaruka machoni." Akapanguza mikono, akavimwaga vipande kwenye kiganja na kwenda navyo mlangoni penye mwanga. Aliviangalia huku akisema, kama alivyozoea, kufundisha yeyote aliye karibu. "Ikikatikia huku chini, ni gitaa yako iko na makali. Ikikatikia huku juu kwenye funguo, ni mikono yako, unakaza kama unakamua nguo. Ikikatikia katikati, ni mimi."

Akaviunganisha vipande, ncha kwa ncha, akavipima kwa shibiri.

"Katikati," akasema.

Nisiwafiche: moyo wangu ulikaa chini kwa mara ya kwanza tangu jana. Nilitaka kucheka. Nikafungua mdomo nimweleze habari za Jumatatu, nimwambie pole mama lakini umesikia mwenyewe, katikati ni wewe. Lakini yeye hakuwa amemaliza. Kwa ukucha wa kidole gumba alianza kuifungua shaba pale kwenye ncha, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka chuma cha ndani kikaonekana. Kilikuwa chekundu kwa kutu. Akakitazama. Kisha, mbele yangu, akakilamba.

"Chumvi," akasema.

"Si jasho? Mimi natoka jasho sana."

"Jasho inakaa juu. Hii iko chini ya shaba. Hii iliingia na maji ya moto." Akanusa ile ncha, akanitazama kwa mara ya kwanza bila tabasamu la muuzaji. "Kasanda. Ulichemsha nyuzi zangu?"

Sasa, kila mpiga gitaa wa Kongo alichemsha nyuzi. Usinitazame hivyo. Nyuzi zikichoka, zikiwa na sauti ya kamba ya kufungia mbuzi, unazitoa, unazichemsha, mafuta ya vidole yanatoka, zinalia upya. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia. Wiki moja kabla ya mgeni, nilitaka gitaa liwe na sauti ya sikukuu.

"Kidogo tu," nikasema.

"Kwenye sufuria gani?"

Nikakumbuka. Kanku alikuwa anapakua sombe, yale majani ya muhogo, nami nilikuwa na haraka. Sufuria ya pili ilikuwa na maji ya kuoga ya mtoto. Nikachukua ile ya sombe, nikaimwaga, sikuisuuza. Nikaweka maji juu ya mabaki ya majani na chumvi na mawese, nikajiambia kwamba chuma hakili sombe. Niliona maji yamekuwa ya kijani kidogo. Niliona, na nikazitia.

"Ya sombe," nikasema.

Yule mama alinigombeza vile mama yangu hakunigombeza maisha yake yote. "Nilikuambia nini? Sikukuambia zikichoka unaleta hapa, mimi ninazisafisha na mafuta ya taa, bure? Muntu anapewa nyuzi, anaenda kuzipikia sombe! Ungetia na samaki basi, tukule." Katika siku nyingine ningemjibu. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa jikoni mwangu. Badala ya kumjibu, nilimwambia yote. Mgeni. Karatasi. Nafasi ya jina. Kesho saa mbili.

Akakaa kwenye benchi, karibu na kinga yake. Maharagwe yalikuwa yamemwagika kidogo kwenye mkeka na kuku mmoja akaja kuyala, hakumfukuza.

"Uliwaambia jina yangu," akasema.

"Aliniuliza."

"Uliwaambia."

"Ndiyo, mama."

Alijua habari za Onema, wote tulizijua. Kisha akasimama akaninyooshea mkono. "Leta gitaa. Siyo uzi moja tu imekula chumvi, ni zote za shaba, zote nne zitaoza. Mteja hatoki hapa na nyuzi za kuoza."

Nikamwambia aache, si siku ya kazi, ni Jumapili. Akasema aliniuliza gitaa, hakuniuliza siku. Akavua kitambaa chake kizuri cha kichwani, akaketi, akaanza kuzungusha. Mimi nilimtazama mchana mzima, na niliona kitu ambacho sijawahi kukiona kwake: mkono ulikuwa unapotea. Shaba ilipanda juu ya shaba. Alifumua, akaanza tena, ikapanda tena. Akapumzika, akapanguza viganja kwenye magoti, akarudia. Uzi wa nne aliufumua mara tatu. Alipomaliza alizifunga zote mwenyewe kwenye gitaa langu, akazikaza, akanipa nipige. Zilikuwa na sauti nzuri na mimi sikuweza kupiga hata wimbo mmoja mpaka mwisho.

"Kesho utasema nini, mama?" nikamwuliza mlangoni. Aibu hiyo pia nilikuwa nayo, ya kumwuliza.

"Kesho iko kesho. Vipande viache hapa, nitakuja navyo. Nenda kwa watoto."

Vipande! Ndani yake iko chumvi, ndani yake iko kutu, na Amuri si mjinga. Nilitembea mpaka nyumbani nikijiuliza kwa nini sikuviomba, na kwa nini nilitaka kuviomba, na jibu la swali la pili silipendi hata leo.

Kanku alinisikiliza akiwa amesimama. "Atasema kweli," akasema. "Mimi ningesema kweli. Muntu afungwe kwa sufuria yangu?" Kisha akaichukua ile sufuria, akaenda nyuma ya nyumba, akaisugua kwa mchanga mpaka ikawa nyeupe, kama vile Amuri atakuja kuilamba. Asubuhi alinivalisha mashati mawili, moja juu ya lingine, kwa sababu walisema kule kwenye chumba cha kufungia baridi ni nyingi alfajiri. Sabuni aliitia kwenye soksi yangu. Sikukataa.

Mama Emerance alikuwa amefika kabla yangu. Alikaa wima kwenye kiti cha mbao chini ya picha ya Kiongozi, bahasha kwenye mapaja. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama nyuzi zimelala salama, maana nyuzi mpya zinashuka usiku wa kwanza. Nikasema zimelala salama. Jasho lilinitiririka chini ya yale mashati mawili.

Amuri hakuwa amelala, ilionekana machoni. Karatasi ilikuwa mbele yake, imejazwa yote kwa mwandiko mzuri, isipokuwa mahali pamoja.

"Sitwayene Ntumba. Hii uzi, nani aliitengeneza?"

Mama akavimwaga vile vipande viwili mezani. "Mimi."

"Iko na siku ngapi?"

"Wiki tatu na siku mbili."

"Ilikatika kwa sababu gani?"

Mama akanitazama. Si kwa muda mrefu, ni kama vile unavyomtazama mtu kujua kama anataka kupita mlangoni kabla yako. Nami nilikuwa na maneno mdomoni. Yalikuwa mafupi: ni sufuria yangu. Mtoto mdogo anaweza kuyasema. Niliwaona watoto wangu kichwani, mmoja mmoja, na vichwa vyao vilivyonyolewa juzi, na nikayameza.

"Uzi yangu ikikatika mbele ya mwezi kwisha," Mama Emerance akamwambia Amuri, "mwenye kujibu ni mimi. Hivyo njo ninauzisha. Na hii imekatikia katikati. Ikikatikia katikati, ni mimi. Uliza mupiga gitaa yeyote wa Kindu."

Hakusema uongo hata neno moja. Nimeyapindua maneno yale miaka yote hii na sijaona uongo ndani yake.

Amuri akashika kalamu, kisha akasita. "Siyo hujuma?"

"Hujuma njo nini, baba?"

"Kuharibu kwa kusudi."

"Mimi nauzisha nyuzi. Nikizikata kwa kusudi nitakula nini?"

Mabega ya Amuri yakashuka. Nadhani naye aliogopa neno lile kuliko sisi. Aliandika jina, Ntumba, na mbele yake akaandika uzembe, akatusomea kwa sauti ili tusikie kwamba si hujuma. Miezi miwili ya salongo, ile kazi ya lazima ambayo sisi wengine tuliifanya Jumamosi tu. Yeye ataifanya kila siku, kufagia uwanja wa sherehe. Hakuna treni. Hakuna watu wasiojulikana. Kisha, kabla ya kutia sahihi, akanigeukia mimi.

"Sitwayen Kasanda, iko kitu unataka kuongeza?"

Mtu anapewa nafasi namna hiyo mara ngapi? Aliniuliza kwa adabu, tena alisubiri.

"Hapana," nikasema.

Tulisubirishwa muhuri barazani karibu saa nzima, kisha tukatoka pamoja. Nilitaka kumshukuru, nikaanza, mama Emerance, Mungu akubariki, akanikata.

"Usinishukuru. Sikufanya kwa wewe, wewe nimekukasirikia mpaka sasa." Alikuwa anatembea haraka, na nilisikia katika sauti yake kwamba hofu inamtoka na furaha kidogo inaingia. "Watu wote wananiletea vipande vyao. Okito jirani yangu ananiletea, wa kanisani wananiletea, hata wale walevi wa bar. Wanalala juu ya uzi, wanaifungia mbuzi, wanaichemsha, na bado wananiletea, kwa sababu hapa kwangu hakuna mwenye kusemwa. Leo niseme Kasanda alipika nyuzi na sombe, kesho nani ataleta? Watatupa vipande na kunidanganya. Mficha uchi hazai, baba. Wakinificha, mimi nitajua je mahali pa kurekebisha?" Akahema. "Kufagia, mimi nafagia kila siku. Nilifikiri yote jana. Nilijua hawatanipeleka mbali kwa kufagia."

Yote aliyafikiri isipokuwa moja. Tulipopinda kona ya nyumba yake, tulikuta kigari cha kusukuma mlangoni na vijana wawili wa Chama. Mmoja alikuwa na karatasi yenye sahihi ya Amuri, ya asubuhi ile ile: chombo cha uzembe kichukuliwe. Walikuwa wameshaifungua kinga kutoka kwenye benchi. Ndoo za shaba zilikuwa tayari juu ya kigari.

Mama Emerance alisimama.

"Musiishike kwa ringi," akawaambia. "Shikeni kwa fremu. Ringi itapinda."

Na wale vijana wakaishika kwa fremu, kwa upole, wakaiweka juu ya shaba. Aliwatazama mpaka walipotoka. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mashati yangu mawili na sabuni kwenye soksi. Nilijua njia ya kurudi biro kwa Amuri, ilikuwa dakika kumi. Nilienda nyumbani.

Wiki ya tano alikuja mgeni mwingine. Uwanja ulikuwa umefagiwa safi kabisa. Wanawake wa salongo walipangwa pembeni na mifagio yao, wakaamriwa waimbe nao, na nikamwona katikati yao, amekonda kidogo. Tukaanza. Wanawake wakapandisha, wakapandisha, gitaa likawafuata juu. Kule juu, kabla ya jina, nilifanya kitu cha kichaa: nilipiga kwa nguvu zangu zote. Nilitaka ukatike. Siku nyingi nilikuwa nimemwomba Mungu uzi ukae, na sasa nilikuwa namwomba ukatike pale pale kwenye jina, mbele ya wote, ili aliyeshika gitaa ajibu mwenyewe. Haukukatika. Uzi ulikuwa umetengenezwa vizuri. Watu wakalitamka jina kwa sauti moja, mgeni akapiga makofi, na Amuri akanitikisia kichwa kwa furaha.

Kwenye mapumziko alinijia, ufagio mkononi.

"Ya nne iko na inzi," akasema, hata kabla ya salamu. Uzi ukivuma, yeye alisema una inzi.

"Sikusikia kitu, mama."

"Uko karibu sana. Mimi nilisikia toka kule." Akaegemeza ufagio begani, akainama, akapitisha kidole juu ya uzi wa nne polepole, kutoka juu mpaka chini, akapata mahali. "Hapa. Shaba imelegea. Hii sasa ni kosa yangu kweli, siku ile nilikuwa na haraka. Haikukati kidole?"

"Hapana."

"Itakukata. Usingoje ikukate. Lete kesho asubuhi, mbele ya jua, nikuzungushie ing—"

Mkono wake mwingine ulikuwa umeanza kuzungusha pedali hewani, ukasimama. Kidole chake kilikuwa bado juu ya uzi.

"Nitaleta, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, vile alivyokuwa akiwaitikia wateja wote. Akachukua ufagio wake, akarudi kwenye mstari wa wanawake. Amuri alikuwa anapiga filimbi kutuita, na wimbo wa pili ulianza na mimi.